Mashine Iliyorudi Januari

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua zimerudi. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba, na kwa muda Butembo nzima ilikuwa sauti tu: jogoo, pikipiki, mtu anayepasua kuni mahali nisipopaona. Napenda saa hizo. Ni kama mji bado haujaamua kama utakuwapo leo.

Chuo kimejibu. Nimekubaliwa kufanya mtihani wa kuingia, takwimu za afya, miaka miwili ya masomo na gharama zote juu yao. Mtihani ni Jumatano tarehe nne Desemba, kwenye kompyuta, kila mtu kwake, peke yake chumbani na mlango umefungwa. Kwa hiyo cyber haifai. Kuna programu ya kuweka kwanza, ambayo inamtazama mtahiniwa kwa kamera. Nimejaribu kuiweka kwenye mashine ya nyumbani, ile Mama aliyoinunua, nayo imenijibu kwa Kifaransa cha adabu kwamba mfumo wake ni wa zamani mno. Lazima nifanye mise à jour, niushushie mfumo mpya. Bila hiyo hakuna programu, na bila programu hakuna mtihani.

Nilimwambia Papa wakati wa chakula. Alitafuna sombe, majani ya muhogo, kwa muda mrefu.

"Na ukishinda, utaenda?"

"Nitaenda, Papa."

"Ni muzuri," akasema, akaomba chumvi.

Alhamisi, 12 Septemba

Niliunganisha simu na mashine ili ipate mtandao, nikabonyeza. Vidoti vyeupe vikaanza kuzunguka, vikifukuzana bila kufikiana. Nilivitazama mpaka nikasahau ninangoja nini. Halafu ngurumo ya kwanza ikapita juu ya Rughenda, upande wa uwanja wa ndege, mbali bado, kama mtu anayesogeza kabati katika nyumba ya jirani. Papa akainuka.

Kwetu kila mtu anajua kazi yake radi inapoanza. Mmoja anaanua nguo, mwingine anafunika kioo kwa kitenge, na mwenye nyumba anapita akichomoa kila waya ukutani. Ukisimama mlangoni unasikia mtaa ukinyamaza, redio moja baada ya nyingine. Papa anafanya kazi hiyo kwa ukali kuliko majirani wote, kwa sababu mdogo wake Sikuli alikufa huko Lubero mkono ukiwa juu ya redio.

"Papa, ngoja kidogo tu. Iko inatafuta."

"Radi hapana kungojaka kidogo."

Akachomoa. Skrini ikawa nyeusi na ndani yake nikaona uso wangu, mdogo, umekasirika.

Ijumaa, 13 Septemba

Ngurumo saa nane. Amechomoa.

Jumatatu, 16 Septemba

Ngurumo.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo hakukuwa na radi. Mvua laini tu, ile inayonyesha kama inayofikiria jambo lingine. Nilirudi kutoka shuleni baada ya kufundisha, nikawasha, nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza mashine ikaachwa ifike mwisho wa kutafuta. Ikaandika kwamba imeshindwa, na chini yake alama hizi: 0x80072F8F. Nikajaribu tena. Alama zilezile. Kivinjari nacho kinakataa kila ukurasa, kinasema si salama. Nadhani ni uzee. Mashine imechoka na dunia.

Sina wa kumlaumu leo, lakini namlaumu Papa. Nahisi kuchomoachomoa kwake ndiko kulikovunja kitu ndani ya mashine.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumeipeleka kwa Syauswa, anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda karibu na soko. Papa ndiye aliyebeba, amelikumbatia lile sanduku la mashine chini ya koti lake. Syauswa alitazama alama, akapiga mluzi.

"Tuta-formater. Kila kitu inakuwa mupya, sawa mutoto wa leo."

"Na bintu bya mama yake?" Papa akauliza.

"Zile faili tutakopi, Papa Gérard. Ile ingine yote inaenda."

"Ile ingine ni nini?"

"Mais, namna alikuwa aliipanga. Bile bintu bidogobidogo." Akacheka. "Hii mashine, ordinateur, hapana kaburi, Papa. Inafaa kusafisha."

Papa alisogea mezani. Alilichukua sanduku, akalirudisha chini ya koti, akaondoka kwenye manyunyu. Nilimfuata hatua chache nyuma. Kwa nyuma alionekana kama mtu aliyebeba mtoto anayelala. Nilijiambia: huyu mtu ni mkaidi, na ukaidi wake utanila mimi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Ngurumo. 0x80072F8F kabla ya ngurumo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeota nikitembea juu ya vile vidoti. Vilikuwa mawe meupe yaliyopangwa kwa duara ndani ya maji meusi, na Mama alikuwa mbele yangu, amejifunga kile kitenge cha kazini. Alikuwa ananiuliza bila kugeuka, "Imefika ngapi?" Niliendelea kukanyaga mawe. Nilijua kwamba nikisema namba yoyote, duara litakatika.

Nimeamka na mvua juu ya bati.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeandika alama hizi zote za mfumo kwenye mkono kwa wino, kama wanafunzi wangu wanavyoandika kanuni kabla ya jaribio. Nilidhani nikirudi mchana nitatafuta maana yake kwa utulivu. Nimerudi. Mbingu ilikuwa safi kabisa, ile siku moja katika mwezi ambapo milima yote inasogea karibu na mtu anaweza kuhesabu mashamba. Na waya wa mashine ulikuwa chini, umechomolewa. Wa televisheni ulikuwa mahali pake.

"Papa, hakukuwa na ngurumo."

"Nilisikia."

"Wapi?"

"Weye ulikuwa kule. Miye nilikuwa hapa."

Alisema bila kunitazama. Papa si mwongo. Ndiyo maana uongo wake unaonekana haraka, kama shati la kuazima.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa nilikaa nyuma ya nyumba na sikumsaidia mtu yeyote kwa lolote. Nimelifikiria jambo hili mpaka likawa dogo na gumu. Hataki niende. Hawezi kusema, kwa hiyo anasema kupitia ile mashine, anaichomoa kidogo kidogo, mpaka Desemba ipite na mimi nibaki hapa kupika maharagi na kusahihisha madaftari. Mama alikufa mwaka wa Ebola ile. Si Ebola iliyomuua, lakini mwaka ule kila aliyekufa na homa alizikwa vilevile, ndani ya mfuko, na watu wasio na nyuso. Tulimwona akipita tu. Tangu siku ile Papa na mimi tunaishi katika nyumba hii kama watu wawili wanaobeba meza ndefu: hakuna anayeweza kuachia.

Sasa ninaachia. Nitaipeleka mashine Beni, kwa rafiki wa shule.

Jumanne, 29 Oktoba

Ngurumo. Simsemeshi.

Jumamosi, 9 Novemba

Beni na kurudi kwa siku moja. Niliondoka mapema, sanduku juu ya magoti katika taksi, nimelifunga kwa kitenge cha Mama ili lisipate vumbi. Papa alisimama mlangoni. Aliuliza kama litapigwa na mvua. Hakuuliza kama mimi nitapigwa.

Kwenye kizuizi cha njiani mwanajeshi aliingiza kichwa dirishani, akauliza kwa Kilingala nimebeba nini.

"Oyo eza nini?"

"Ordinateur, chef."

"Iko mugonjwa?"

"Iko mugonjwa."

"Yesu aiponyeshe," akasema, akatupungia mkono tupite. Gari zima lilicheka mpaka mlimani.

Kadiri unavyoteremka kwenda Beni hewa inakuwa nzito na ya joto, kama pumzi ya mtu aliye karibu. Kakao ilikuwa imeanikwa kando ya barabara, na harufu yake, chachu tamu, iliingia mpaka ndani ya kitenge. Hadjara alikuwa akiningoja mbele ya duka la familia yao. Tulikaa dawati moja miaka yote ya sekondari, yeye na hijabu yake na mimi na rozari yangu, na sisi wawili tu ndio tuliopenda hesabu. Sasa anauza simu. Kaka yake Issaka, anayepeleka mizigo Kamango kwa lori, alikuwa amelala juu ya magunia na hakuamka.

Hadjara aliunganisha mashine na skrini ya dukani, akawasha, akaketi. Halafu akaniita kwa sauti ya kanisani, ile anayoitumia kunitania.

"Sista Victoire."

"Nini?"

"Kwenu Butembo muko mwaka gani?"

"Acha upuuzi."

"Mais angalia. Kwenu bado ni 2017." Akaweka kidole kwenye pembe ya chini ya skrini, pale ambapo saa hukaa. Tarehe mosi Januari 2017. "Weye mutu wa kuandika tarehe juu ya kila karatasi, hata barua ya kuomba chumvi. Hukuona?"

Sikuona. Miezi miwili nimekuwa nikisoma alama zilizo katikati ya skrini, na sikutazama pembeni hata mara moja.

Ni jambo dogo la kuchekesha. Ndani ya mashine kuna pili, kijiwe cha betri cha mviringo kama cha saa ya mkononi, ambacho kazi yake ni kukumbuka siku wakati umeme haupo. Chetu kimekufa. Maadamu waya uko ukutani, mashine inahesabu siku zake. Ukichomoa, inasahau yote na kurudi kwenye siku ya kwanza inayoijua. Na mtandao haumfungulii mlango mtu anayedai leo ni miaka saba iliyopita. Kwa watu wasioogopa radi kama sisi, mashine ingeweza kuishi miaka na pili iliyokufa bila mtu kujua. Kwetu inazaliwa upya kila ngurumo.

Hadjara aliiwekea tarehe ya leo kwa mkono, na mise à jour ikaanza kushuka kama maji. Lakini dereva wa taksi alikuwa akipiga honi, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa njiani jioni. Tukazima. Hadjara alinitafutia pili mpya kwa muuza saa wa jirani, akanipa ndani ya karatasi ya peremende.

"Uiweke mbele ya kuwasha. Na Papa Gérard umusalimie. Umwambie hapana kosa yake."

Lakini ni kosa lake, nilifikiri njia nzima. Ni kosa lake kwa namna nyingine tu.

Jumatatu, 11 Novemba

Nataka kuandika hili polepole.

Jana sikuwa na nguvu, pili ikabaki kwenye karatasi ya peremende. Leo shuleni wanafunzi walirudishwa mapema kwa sababu paa la darasa linavuja. Ukungu ulikuwa haujapanda. Niliingia kwa mlango wa jikoni, nikavua viatu kwa ajili ya matope, kwa hiyo Papa hakunisikia. Alikuwa chumbani na mashine. Kila asubuhi nikiwa shuleni anafungua upande wake, wenye jina lake, na kucheza karata. Jambo hilo nalijua. Mimi nina upande wangu, na sijawahi kuufungua wa kwake.

Aliwasha. Kile kimuziki cha kuamka kikapita. Halafu Mama akasema:

"Papa Victoire, dawa umekunywa? Hapana kuniambia utakunywa. Kunywa sasa."

Nilishika ukuta. Sauti yake ilikuwa na haraka ndani, sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa viatu na kushika mkoba. Nyuma yake, kwenye sauti hiyohiyo, kulikuwa na mbwa wa jirani tuliyekuwa naye zamani, akibweka.

Na Papa akajibu, kwa kawaida kabisa, kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili:

"Nimekunywa."

Nikasikia karata zikianza.

Niliketi kwenye sakafu ya jikoni. Nikakumbuka mwaka ule wa 2017. Papa alikuwa na kifua kikuu, na dawa zake zilikuwa za miezi sita, Januari mpaka Juni, nyingi na chungu, naye alizificha chini ya godoro kama mtoto. Mama alikuwa katibu, alitoka asubuhi kabla yetu wote. Mashine ilikuwa mpya. Akaipanga iseme vile kila Papa anapofungua upande wake, na akaiwekea mwisho: siku ya mwisho ya dawa. Juni ikafika, Papa akapona, sauti ikanyamaza. Mashine ni kitu kiaminifu. Iliambiwa mpaka Juni, ikasema mpaka Juni.

Lakini ikichomolewa, kwake ni Januari.

Alhamisi, 14 Novemba

Ngurumo. Amechomoa. Nilimsaidia kufunika kioo.

Jumapili, 17 Novemba

Pili bado iko mfukoni mwa koti langu. Naigusa nikiwa darasani. Ni baridi, nyepesi kuliko sarafu. Nikiiweka, saa itakaa sawa siku zote, na Mama hatasema tena.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua siku nzima. Chuo kimetuma ukumbusho: mwisho wa kuweka programu ni Jumatano ijayo.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemwambia. Tulikuwa tukichambua maharagi, kila mmoja na ungo wake, na hiyo ilisaidia, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa na mahali pa kukaa.

Nikamweleza pili ni nini. Nikamweleza kwa nini mise à jour inakataa. Halafu nikasema nilimsikia Mama.

Aliokota jiwe dogo kwenye ungo wake.

"Ile siku ya kwanza nilizani ni wazimu," akasema. "Radi ilikuwa imepita, nikawasha, akanisemesha. Miye nikasimama. Nikasema nimekunywa, na hakuna dawa nilikuwa nakunywa." Akacheka kidogo puani. "Kesho yake tena. Kisha siku moja akanyamaza. Nikangoja radi ingine."

"Na siku zisizo na radi?"

"Ile siku nilichomoa tu. Nilikuwa namutaka." Akalitupa lile jiwe nje ya mlango. "Sikuwa nakuzuia, Victoire. Siyui bintu bya mise à jour. Nilijua tu ukiichomoa, anarudia."

Nikamwambia sauti ile ni faili, nimeshaitafuta na kuiona, inaweza kuwekwa kwenye simu yake, na aisikie wakati wowote anaotaka, hata shambani.

"Ile ni ya kumuita," akasema. "Huyu alikuwa anakuja yeye mwenyewe."

Niliutikisa ungo wangu. Miezi yote hii nilidhani anaivuta mashine nyuma ili aninase mimi. Hata hakuwa akinitazama. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifariji badala ya kuniumiza.

Alipomaliza ungo wake alinawa mikono, akaikausha kwenye suruali, akanyoosha kiganja.

"Iko wapi ile pili? Nionyeshe fasi inaingilia."

Jumapili, 24 Novemba

Aliiweka mwenyewe. Kabla ya hapo aliomba nitoke, akawasha mara moja, akakaa humo kwa muda. Halafu akazima na kuniita. Kidole chake ni kinene kwa tundu lile, lakini hakukubali nimsaidie. Nikaweka tarehe: leo. Mashine ikaipokea bila kubisha. Sehemu iliyobaki ikashuka, kisha skrini ikawa ya buluu na vidoti vikaanza, na chini yake maneno kwamba tusizime.

Asilimia thelathini ilipofika, mwanga wa mchana ukageuka kijani. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Ngurumo haikupita mbali leo. Ilianzia juu yetu.

Papa akainuka. Akachomoa televisheni, akachomoa redio, akafunika kioo, akazunguka nyumba yote kama kawaida yake. Nikasikia mtaa ukinyamaza. Halafu akarudi chumbani, akavuta kigoda mpaka ukutani, akaketi na kushika waya wa mashine pale unapoingilia.

"Weye kaa kule," akasema. "Kwa mulango. Mbali na chuma."

"Papa, chomoa. Tutaanza tena."

"Iko ngapi?"

"Hamsini na mbili."

Alisoma maneno ya skrini kwa sauti, polepole, kwa Kifaransa chake cha shule ya msingi: "N'éteignez pas votre ordinateur." Akatikisa kichwa. "Iko inaomba," akasema.

Mvua ikaanguka juu ya bati hata tusisikilizane tena. Kila umeme wa radi ulipowaka niliona mkono wake juu ya waya, mishipa yake yote, na nikajua anauona mkono mwingine juu ya redio. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Midomo ilikuwa ikitembea. Nilibaki mlangoni, kama alivyosema. Chumba kizima kilikuwa buluu, kikazima, kikawaka, na vidoti vikaendelea kuzunguka kwa subira yao ile ya ndotoni, sabini, sabini na moja, kama vile hakuna mbingu.

Radi moja ikapiga karibu sana, labda kwenye mikaratusi. Nilipofungua macho Papa alikuwa ameutoa mkono kwenye waya na kuuweka juu ya goti. Aliukunja. Akauacha pale.

Mvua ilipopungua mashine ilizima yenyewe, ikawaka yenyewe, ikaandika karibu.

Jumanne, 26 Novemba

Programu ya mtihani imekubali. Kamera ya kuazima inaniona.

Jumatano, 4 Desemba

Nimefanya mtihani. Niliandika yote niliyojua na mawili niliyobahatisha. Papa alikaa nje ya mlango na fimbo, akifukuza kuku.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua zinakwisha. Majibu yatakuja mwakani, na leo siyafikirii. Asubuhi hii sikuwa na darasa, nilikuwa kitandani bado, ukungu dirishani. Nilimsikia Papa akiingia kwenye mashine. Hakufunga mlango, na hilo ni jambo jipya. Kile kimuziki cha kuamka kimebadilika tangu mise à jour, sasa ni kifupi, kama tone.

Kikapita. Mashine ikakaa kimya. Pale pembeni nilijua imeandikwa tarehe sita Desemba, sawa na hapa juu ya ukurasa wangu. Nje hata mbwa hakubweka.

Papa alingoja. Nilisikia kiti kikilia kidogo chini yake.

"Nimekunywa," akasema.

Kisha karata.